Mizani ya Mwenyeji

Kila taifa lililopata kutawaliwa na wageni hujikuta, baada ya kujikomboa, mbele ya swali moja zito: sanaa ya wageni tuifanyeje? Bendera yaweza kushushwa usiku mmoja. Mabenki na mashamba makubwa yaweza kutaifishwa kwa sheria. Lakini wimbo uliokwisha kuingia kinywani mwa vijana haushushwi mlingotini, wala picha ya sinema iliyokwisha kuonekana haifutiki machoni kwa amri. Basi mwenye dhamana ya kulinda utamaduni wa watu wake afanye nini? Afunge mlango? Auache wazi kwa kila apitaye? Au iko njia nyingine?

Swali hili halikutupata sisi peke yetu. Katika karne ya 20 lilizikabili nchi zote zilizotawaliwa na vyama vya kikomunisti. Huko wahakiki walipewa kazi ya kupima filamu, vitabu na muziki kutoka nchi za kibepari, na kuwaambia wananchi kipi ni chakula na kipi ni sumu. Lilitukabili na sisi katika siasa yetu ya Ujamaa. Ujamaa haukuwa ukomunisti, lakini ulikubaliana nao katika jambo moja, kwamba sanaa si mchezo wa kupitishia wakati tu, bali ni nguvu iwezayo kuwajenga watu au kuwabomoa. Jambo hilo nalikubali bila kusita. Ninalotaka kulitafakari hapa ni lile linalofuata baada ya kulikubali: ni nani mwenye haki ya kuhukumu sanaa ya mgeni, na ahukumu kwa mizani gani?

Pengine msomaji atashangaa nikianza kulijibu swali la sinema kwa kumpeleka Tabora ya zamani. Asishangae. Kabla ya kuwa mji wa reli na wa shule, Tabora ilikuwa mahali ambapo vitu vya wageni vilitua na kupimwa. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianza pwani, hasa Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata mbuga kavu za Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora. Kutoka hapo tawi moja liliendelea magharibi hadi Ujiji penye Ziwa Tanganyika, na jingine likaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na vitambaa, nyaya za shaba na shanga. Kitambaa kilichofumwa Marekani kikaitwa merikani. Kile cha rangi ya nili iliyokoza, kilichotoka Bara Hindi, kikaitwa kaniki. Majina hayo yamebaki katika lugha yetu kama nyayo za njia hiyo.

Wako wanaodhani kwamba mtu wa bara alipokea chochote alicholetewa, ilimradi king'ae. Historia inasema vingine. Richard Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, na Henry Morton Stanley aliyefika mwaka 1871, wote wawili waliandika kwamba kila nchi iliyopitiwa na msafara ilikuwa na chaguo lake katika shanga. Unyamwezi walitaka nyekundu. Shanga nyeusi zilizokuwa fedha kamili Ugogo zilikuwa kama kokoto mahali pengine. Zile zilizotakiwa Ujiji zilikataliwa kwingineko. Mfanyabiashara aliyefunga mizigo yake bila kuyajua hayo alijikuta amewalipa wapagazi kubeba vitu ambavyo hakuna atakayevipokea.

Tazama maana ya jambo hilo. Shanga nyingi za aina hiyo zilitengenezwa Venisi, katika nchi ya Italia. Mtengenezaji alikuwa Venisi, lakini mhakiki alikuwa Unyamwezi. Mtu ambaye hakupata kuiona bahari alikuwa na uwezo wa kuishika kazi ya fundi wa mbali mkononi, akaigeuza kwenye mwanga, akasema: hii naitaka, hii rudi nayo.

Ikawa vivyo hivyo katika ngoma. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani waliziangalia bendi za kijeshi za Wazungu, wakatwaa gwaride lao, vyeo vyao na mavazi yao, wakaunda ngoma ya beni. Jina lenyewe limetokana na neno bendi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake ngoma hiyo ikaenea hadi miji ya bara. Watawala wa kikoloni waliitilia shaka. Baadhi ya wenye elimu waliiona kuwa ni uigaji mtupu. Lakini waliocheza walikuwa na vyama vyao, viongozi wao, michango ya kusaidiana katika misiba, na nyimbo za kusemea mambo ya mitaa yao. Kitu cha mgeni kilipita mikononi mwao kikatoka kitu kingine.

Hata hivyo tusiigeuze njia ya misafara kuwa hadithi tamu. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Bidhaa zilizochaguliwa kwa makini hivyo zilinunua pembe, na tamaa ya pembe ikaleta bunduki, na watu nao wakawa bidhaa. Macho yaliyojua kutofautisha shanga na shanga hayakuuliza daima bei ya kweli ya shanga hizo ilikuwa nini, na aliyeilipa alikuwa nani. Kwa hiyo njia hii inatuachia masomo mawili. La kwanza ni kwamba mwenyeji si gunia tupu. Anayo mizani yake. La pili ni kwamba mizani ya kupendezwa peke yake haitoshi. Anayelisahau somo la kwanza huwa mlinzi asiyewaamini watu anaowalinda. Anayelisahau la pili huwa mnunuzi asiyeiona minyororo.

Tukiwa na masomo hayo mawili mkononi, sasa tunaweza kwenda mbali na Tabora, tukawatazame wahakiki wa nchi za kikomunisti walivyofanya kazi yao.

Tusiwadharau wahakiki hao, maana walikuwa na hoja. Filamu ni bidhaa ghali. Aghalabu anayeitengeneza ni mwenye fedha, naye huweka ndani yake dunia jinsi anavyotaka ionekane. Waliuliza: filamu hii inamtumikia nani? Hilo ni swali jema, na wengi wetu hatuliulizi. Ndiyo sababu filamu za Kiitalia zilizotoka mara baada ya Vita Kuu ya Pili zilipata sifa kwa wengi wao. Mojawapo ni ile ya Wezi wa Baiskeli iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Ni habari ya mfanyakazi wa Roma aliyeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi. Huhitaji kuijua Roma ili uielewe. Mtu ye yote aliyepata kutegemea baiskeli kwa riziki yake ataielewa. Taabu ilianza pale filamu za Magharibi ziliposema habari si za baiskeli bali za nafsi.

Mwezi Julai 1963 filamu ya Mwitalia mwingine, Federico Fellini, iitwayo Nane na Nusu, ilishindanishwa katika tamasha la filamu la Moscow. Mhusika wake mkuu ni mtengenezaji filamu aliyeishiwa na la kusema: fedha zipo, wachezaji wanangoja, naye hajui atengeneze filamu gani. Ndani yake hakuna mkulima shujaa wala mfanyakazi shujaa; yumo mtu na mashaka yake. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 1962 na Machi 1963, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, Nikita Khrushchev, alikuwa amewakaripia wasanii wa nchi yake mwenyewe kwa kuiacha njia iliyonyooka. Hata hivyo baraza la waamuzi, likiongozwa na Grigori Chukhrai, mtengenezaji filamu wa Kisovieti, liliipa filamu hiyo tuzo kuu, kinyume cha matakwa ya wakubwa. Tuzo ikatolewa, lakini filamu yenyewe haikusambazwa kwa wananchi.

Litafakari jambo hili, ndugu msomaji. Waamuzi waliitazama filamu wakasema ni bora kuliko zote zilizoletwa. Wakubwa wakameza tuzo hiyo kwa shida, ila wananchi wasiione filamu. Wale walioambiwa kila siku kwamba ndio wenye nchi wakawa ndio wa mwisho kuruhusiwa kutazama.

Kisa cha China ni kizito zaidi. Mwaka 1972 serikali ya China ilimwalika Michelangelo Antonioni, naye Mwitalia, apige filamu ya maisha ya nchi hiyo. Akapiga filamu ya zaidi ya saa tatu, yenye nyuso za watu, mitaa, mashamba na viwanda. Tarehe 30 Januari 1974 gazeti kuu la chama lilimshambulia kwa ukali. Lilisema amechagua mambo ya kale akayaacha mapya; daraja kubwa la Nanjing, ambalo lilikuwa fahari ya taifa, amelipiga kwa namna inayolifanya lionekane halina imara; tena ameonyesha nguo zilizoanikwa mahali hapo. Kampeni ikaenea nchi nzima, watu wakakutana kuilaani filamu hiyo. Lakini wengi wa waliolaani hawakuwa wameonyeshwa filamu yenyewe. Ilikuja kuonyeshwa hadharani Beijing mwaka 2004, miaka 30 baadaye.

Hapo hapakuwa tena na uhakiki. Uhakiki ni tendo la macho na akili. Kulaani usichokiona ni tendo la utii, na utii wa namna hiyo humshusha anayeutoa kuliko unavyomdhuru anayelaaniwa. Antonioni alibaki na filamu yake. Waliomlaani walipoteza kitu chao wenyewe, yaani haki ya kusema: nimeona, na haya ndiyo mawazo yangu.

Na jambo la ajabu ni kwamba filamu moja iliyopendwa sana katika Urusi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kulijibu kosa hili. Awara, filamu ya Kihindi ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ilionyeshwa huko kuanzia mwaka 1954, ikapendwa na mamilioni ya watu. Nasi Afrika Mashariki tuliipenda. Yumo hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo anamhukumu mtu asiye na hatia, na baadaye anamfukuza mkewe mwenyewe. Mtoto anayezaliwa analelewa na ufukara, akafunzwa wizi, na siku moja anasimama mbele ya sheria akiwa mtoto wa hakimu aliye mwizi. Filamu nzima ni jibu kwa hakimu huyo: asili si hukumu. Wakubwa wa Moscow waliruhusu filamu hiyo ionwe na watu wao, lakini wao wenyewe waliendelea kuhukumu sanaa kama hakimu yule: hii imetoka kwa mabepari, basi nayo ni bepari.

Turudi nyumbani. Sisi tulifanyaje? Hapa mambo hayakuwa ya rangi moja.

Ukoloni ndio ulioanza kutuamulia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi mmoja wa Kiingereza wa sinema za kuwaelimisha Waafrika, ambao makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na mambo kama hayo, ukazizungusha Tanganyika na nchi jirani. Nyuma ya juhudi za namna hiyo palikuwa na dhana kwamba Mwafrika ana macho ya aina yake, yasiyoweza kuzipima picha za watu wengine. Kwa dhana hiyo hiyo, katika makoloni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na ya Kati ziliwekwa filamu ambazo Mzungu aliruhusiwa kuziona na Mwafrika akakatazwa. Huo ndio ukaguzi wa sanaa ukiwa umevuliwa nguo: mtu mmoja anamwambia mwenzake, wewe huna mizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilikuja kutengeneza filamu za Kiswahili katika Tanganyika kwa ajili ya serikali ya kikoloni. Katika ile iitwayo Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, mchezaji mkuu aliyeigiza mtu wa shamba aliyeingia mjini alikuwa kijana aliyesoma Tabora: Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu. Filamu hiyo tuihukumuje? Kwa asili yake? Ilitoka mikononi mwa wakoloni na kampuni ya nchi ya makaburu. Lakini mtazamaji wa Kiafrika angeweza kuona humo jambo ambalo waliolipia gharama hawakulikusudia: mtu wa kwao, akisema lugha yake, akilijaza pazia zima la sinema. Mwenye mali hufunga mzigo, lakini hawezi kuamua utafunguliwaje huko uendako.

Tulipopata uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza Bungeni mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliusikitikia ukoloni uliotufanya tuone haya kwa ngoma zetu na kujivunia dansi za Ulaya. Watu wengi huyakumbuka maneno hayo. Wachache hukumbuka kwamba katika hotuba hiyo hiyo alionya, tena kwa ukali, kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa lisilo na akili. Ila kujifunza, alisema, kusitufanye tuyaache ya kwetu. Yalikuwa maneno mawili, na katika miaka iliyofuata maneno hayo yalitembea katika njia mbili tofauti.

Tazama mwaka 1969 peke yake. Mwaka huo ilichapishwa tafsiri ya Juliasi Kaizari, ambayo ilikuwa marekebisho ya ile aliyoitoa Nyerere mwaka 1963, na pamoja nayo ikatoka tafsiri yake ya mchezo mwingine wa Shakespeare. Katika Kiingereza jina la mchezo huo wa pili linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere aliuita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Kwa neno moja mfasiri alikuwa amekwisha kuhakiki. Mchezo wa Kiingereza wa karne ya 16 ukasimama mbele ya msomaji wa Kiswahili ukijibu swali la msomaji huyo, swali la fedha na utu, la deni linalodaiwa kwa ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Mwalimu, ambaye naye alisoma Tabora na kufundisha Tabora, hakuufungia mchezo huo mlango wala hakuupigia magoti. Aliubeba kama mpagazi, na aliposhusha mzigo, mzigo ulikuwa umepata jina jipya.

Mwaka huo huo wa 1969, kuanzia Januari, Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kuitekeleza Operesheni Vijana dhidi ya minisketi, wigi na suruali za kubana. Na mwezi Novemba muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Hapa nataka msomaji asimame kidogo. Shakespeare alitoka Uingereza, nchi iliyotutawala. Soul ilitoka kwa watu weusi wa Marekani, wajukuu wa watu waliovushwa bahari kwa minyororo. Kama asili ndiyo mizani, hukumu ingalikuwa kinyume. Sababu zilizotolewa zilihusu mienendo ya vijana katika madansi, na mzazi ye yote anaweza kuuelewa wasiwasi huo. Lakini mwenendo wa kijana ukumbini ni jambo moja, na muziki wenyewe ni jambo lingine. Shakespeare alisomwa mstari kwa mstari na mtu aliyezijua barabara lugha zote mbili, ndipo akahukumiwa. Soul ilihukumiwa kwa yale yaliyoonekana mlangoni pa ukumbi.

Kwa upande wa sinema, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na baadaye ikapewa kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Ikafuata Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, iliyoweka utaratibu wa kuzikagua. Mimi ni mtumishi wa serikali, na najua kwa nini amri hupendwa maofisini: amri hutiwa sahihi siku moja ikaonekana ni kazi iliyokwisha kufanyika, bali kuwafundisha watu kupima ni kazi ya miaka, nayo haina mahali pa kutia sahihi.

Hapa tumefika kwenye kiini cha swali letu. Mkaguzi wa filamu huketi katika chumba chenye giza, huitazama filamu nzima pamoja na vipande atakavyovikata, kisha hutoka, hurudi nyumbani, hula chakula cha jioni na wanawe, wala haharibiki. Kama filamu ni sumu, mbona haikumdhuru yeye? Majibu yanayowezekana ni mawili. Ama mkaguzi ni mtu wa aina bora kuliko wengine. Na jibu hilo ni lile lile la wakoloni, ambalo siasa iliyojengwa juu ya usawa wa binadamu haiwezi kulitoa bila kujikana yenyewe. Ama mkaguzi amefundishwa kutazama: anajua filamu hutengenezwaje, anajua la kuuliza. Jibu hili la pili ndilo la kweli, nalo linatushitaki sisi, si mtazamaji. Kama mafunzo ndiyo kinga, kwa nini kinga hiyo wapewe watu wachache na walionyimwa walaumiwe kwa kuugua?

Yako mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la watoto. Ni kweli kwamba mtoto hana budi kukingwa; hatumpi kisu kabla mkono wake haujakomaa. Lakini mzazi mwema humkinga mtoto ili siku moja asihitaji kukingwa. Kumkinga mtu mzima maisha yake yote ni kumfanya mtoto maisha yake yote, na taifa la watoto haliwezi kujitegemea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ukimwondoa mkaguzi wa serikali, mlango haubaki wazi. Huja mkaguzi mwingine akaushika, naye ni mwenye fedha. Huyu hakati vipande. Huamua tu kipi kiletwe, na kisicho na faida hakiji kabisa. Ni wanafunzi wangapi wa Tabora waliopata kuona filamu hata moja ya Sembène Ousmane wa Senegal? Hakuna amri iliyowazuia. Ilitosha kwamba wauzaji wa filamu hawakuona haja ya kuwaletea. Pingamizi hili nalikubali, na ndiyo maana sisemi kwamba soko ni uhuru. Nasema kwamba dhidi ya wakaguzi wote wawili, yule wa dola na yule wa duka, dawa ni moja: mtazamaji mwenye mizani. Leo, ambapo picha za dunia nzima huingia katika simu ya mkononi ya kijana wa Urambo au Sikonge, dawa hiyo si tena jambo la kuchagua. Hakuna bodi iwezayo kusimama katika kila kiganja.

Mizani hiyo ni ipi? Kwa maoni yangu ina mawe matatu. La kwanza ni kuona kabla ya kusema. Asiyetazama hana hukumu, ana uvumi tu. La pili ni utu. Tuiulize kazi ya sanaa: wewe unamwonaje binadamu? Maskini, mwanamke, mgeni, adui, je, ndani yako ni watu au ni vyombo? Kwa jiwe hili filamu ya mtu mmoja mwenye mashaka yaweza kuwa nzito, na filamu yenye mashujaa elfu wa kazi yaweza kuwa nyepesi kama kapi. La tatu ni bei, ambalo ni somo chungu la misafara: nani amelipia kitu hiki, nani anafaidika nikikipenda, na nani amenyamazishwa ili kipendeze? Kitu kikipita katika mawe hayo matatu, hata kikitoka kwa adui yetu, tukipokee. Kikishindwa, hata kikitoka kwa ndugu yetu, tukikatae. Na tukikatae kwa hoja, mbele ya watu.

Kazi ya kuyaweka mawe hayo mikononi mwa vijana ni ya mwalimu. Haihitaji mitambo mikubwa. Yatosha filamu moja, wimbo mmoja au tamthilia moja, na darasa lililoruhusiwa kubishana. Wanafunzi waulizwe waliona nini kabla ya kuulizwa walifunzwa nini. Mwalimu aseme mwisho, si mwanzo. Maana mwalimu akisema mwanzo, darasa zima litakuwa kama wale wa mwaka 1974 waliolaani wasichokiona, ila hapa watasifu.

Na asiwepo wa kuogopa kwamba kwa njia hii tutapoteza kilicho chetu. Mtunzi wa mashairi akihesabu mizani ya ubeti wake anatumia neno lililotoka Uarabuni. Shairi nalo ni neno la huko, na utamaduni, neno hilo tunalolilinda kwa juhudi kubwa, ni la huko pia. Yalikuja kama wageni, yakapimwa, yakapewa kiti, leo ni wenye nyumba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina sharti moja ambalo kwa kawaida hatulitaji: mwenyeji mwenyewe awepo nyumbani, macho yake yakiwa wazi na mizani yake mkononi. Asipokuwepo, atakayeingia hatakuwa mgeni tena. Atakuwa mwenye nyumba, hata kama mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli la serikali.